Kiti cha Pembeni: Maneno ya Kamati ya Fedha Siku ya Harambee

Mzumbe hoyee!

Kila mwaka kamati ya fedha hupewa nafasi mara tu baada ya chakula, na sababu yake tunaijua: aliyeshiba haoni uzito wa kutoa. Lakini mwaka huu, kabla bahasha hazijapita, tunaomba mtusikilize kidogo, kwa sababu tuna jambo la kukiri mbele yenu.

Mtakumbuka kwamba miaka mitatu iliyopita, katika harambee kama hii, tuliwaomba mchangie vijana wetu wapate leseni daraja E, ili waendeshe malori makubwa. Mlichanga vizuri. Vijana 9 walikwenda kusoma, 9 walifaulu, 9 walipata leseni. Taarifa yetu ya mwaka ule ilisema hivyo hivyo, na mlitupigia makofi. Sisi tunaoshika vitabu tulifurahi, maana hesabu ilifungana bila kubaki hata shilingi. Tukafunga jalada.

Mmoja kati ya vijana hao hataendesha lori tena. Ametuomba tusimtaje jina, lakini ametuomba pia tulisimulie jambo lake, ili lisimpate mwingine.

Kabla ya leseni ile alikuwa ameendesha Fuso za kabichi kutoka Mgeta kwa miaka minne. Mnaoijua njia ya Mgeta kuteremka hadi Mlali mnajua kwamba si njia ya mchezo. Aliyeshuka kule na gari lililojaa hadi juu ya ubao, tena siku ya mvua, anajua gia na anajua breki. Tulipomwona amepata kazi mjini tukasema huyu hana wasiwasi. Wiki ya tatu kazini akapewa mzigo wa koili za chuma, yale marola mazito ya kutengenezea mabati, apeleke Mbeya. Hakuwahi kubeba koili hata siku moja. Aliyempakilia alikuwa na haraka. Zilifungwa kwa mikanda, zikawekewa vipande vya mbao laini, akaambiwa aondoke.

Alipita Msamvu na Sangasanga usiku, akapiga honi kama walivyozoea vijana wetu wakipita nyumbani. Alfajiri, ndani ya zile kilomita 50 za hifadhi ya Mikumi, swala walivuka ghafla. Alifunga breki. Gari lilisimama, mzigo haukusimama. Koili ya mbele ilibiringika, ikabomoa ubao wa mbele wa tela na kuingia kwenye kichwa cha gari. Tunamshukuru Mungu yuko hai. Lakini mguu wake wa kulia hauna tena nguvu ya kukanyaga breki.

Tulipokwenda kumwona hospitali alituambia maneno ambayo hatujayasahau: "Kuendesha nilijua. Sikujua kilichokuwa nyuma yangu."

Baada ya hapo tulifanya jambo ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya kulipa ada ya kwanza. Tulikwenda nyumbani tukakaa na madereva wetu wastaafu, wale waliokula chumvi ya barabara hii kwa miaka thelathini na arobaini. Tulikwenda na daftari. Mwanzo walitucheka kidogo, maana walikuwa hawajawahi kuona wahasibu wanaandika mambo ya kabari na minyororo. Lakini walituuliza maswali ambayo hakuna aliyemwuliza kijana wetu. Koili ililazwa tundu likielekea wapi? Kabari zilikuwa za mti gani? Mnyororo ulipita ndani ya tundu au juu tu? Ulipotoka ghalani, ulisimama baada ya kilomita ngapi kukaza upya? Sakafu ya tela ilikuwa kavu, au ina mafuta?

Mzee mmoja alisema kwamba yote haya angemfundisha kijana kwa nusu saa, pale pale anapopakia. Nusu saa hiyo ndiyo inayotufanya tusimame hapa leo.

Ndugu zetu, wengi wetu tunaona lori ni lori. Tulidhani hivyo pia. Wazee walitufundisha kwamba kila mzigo una tabia yake, na dereva anayebadilishiwa mzigo anaanza kazi mpya, hata kama gari ni lile lile. Turuhusuni tutoe mifano michache, kwa kuwa fedha tunazoomba zinahusu mambo haya hasa.

Chukueni shaba inayotoka Zambia na Kongo kuja bandarini. Sisi wahasibu tulipiga hesabu. Mita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa karibu tani 9. Kwa hiyo tani 28 ni zaidi kidogo ya mita 3 za ujazo. Ukizitandaza kwenye tela, mzigo haufiki hata kiunoni. Kijana akitazama kwenye kioo anaona kama tela ni tupu, na mwili wake unaendesha kama anavuta tela tupu. Halafu anafika Kitonga, anateremka. Wazee wana kanuni moja: teremka na gia ambayo ungepandia mlima ule ule, na uiweke kabla mteremko haujaanza. Ukiuanza mteremko na gia nyepesi, breki zikipata moto huna pa kurudi. Kijana wa Mgeta anaijua kanuni hii kwa kabichi, kwa sababu kabichi anaziona. Shaba inahitaji mtu wa kumkumbusha.

Chukueni mafuta. Mafuta hayakai kimya ndani ya tanki. Ukifunga breki yanakwenda mbele, ukikata kona yanakwenda upande. Ndiyo maana tanki hugawanywa vyumba, na ndiyo maana chumba kilichojaa nusu kinasumbua kuliko kilichojaa vizuri. Tena mafuta hayana uzito mmoja. Lita 40,000 za petroli ni kama tani 30, lakini lita hizo hizo za dizeli zinapita tani 33. Kijana aliyezoea petroli, akijaziwa dizeli kwa kipimo kile kile, anashangaa mizani inamkataa, na faini inakuja mezani kwetu sisi tunaolipa.

Kuhusu mafuta, hakuna mtu wa Morogoro anayehitaji kuelezwa sana. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka asubuhi, watu wakasogea kuchota, moto ukalipuka. Tulipoteza watu zaidi ya 100, na wengi tuliwazika Kola. Katika ukumbi huu wapo waliozika siku ile. Hatutaji msiba ule ili kumlaumu yeyote. Tunautaja kwa sababu wazee walituambia kwamba somo la mwisho la dereva wa tanki linahusu watu: gari likilala, kazi yake ya kwanza, kama anaweza kusimama, ni kuwafukuza watu mbali, kuzima kila kitu na kuita msaada. Hilo nalo hufundishwa, na mwenye kulifundisha vizuri ni aliyewahi kulitazama kwa macho.

Kuna salfa, unga wa njano unaotoka bandarini kwenda migodini. Ikishika moto, mwali wake ni wa bluu, na mchana hauonekani vizuri, lakini moshi wake unakaba pumzi. Ikilowa, inakula chuma cha tela polepole. Asiyejua anaona turubai ni la kuzuia mvua tu. Kuna mitambo inayopanda kwenye lobedi: mkono wa katapila lazima ushushwe, tope la kwenye minyororo yake lisafishwe ili isiteleze, na dereva apime kimo chake kwa mti mrefu kabla hajakutana na nyaya za umeme vijijini. Lobedi yenyewe tumbo lake liko chini, inaweza kukwama juu ya reli. Mzee mmoja alitueleza jinsi alivyoshuka na kutembea kwa miguu kila tuta asilolijua. Alichekwa na vijana, lakini hakukwama.

Na kuna mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kusimamiwa hapa kwetu mwaka 2019, inaruhusu jumla ya tani 56 kwa gari la ekseli 7, lakini inapima pia kila kundi la ekseli peke yake. Kijana anaweza kuwa ndani ya jumla, akakamatwa kwa sababu mzigo umesogea nyuma. Mzoefu anautazama mkao wa tela akiwa amesimama pembeni, anasema, "Sogezeni mbele nusu mita." Hatumii mashine.

Elimu hii wameitoa wapi? Wazee wetu walipata mahali pa kuanzia. Novemba 1965, Smith alipotangaza uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta. Mafuta yakaanza kupita kwetu kwa barabara, mapipa kwa mapipa, kutoka Dar es Salaam, Morogoro, Mikumi, Iringa hadi mpakani. Barabara sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika. Ilipewa jina la Njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 serikali zetu mbili zikaunda kampuni ya pamoja ya malori, na hali ikapata nafuu mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilipofika Ndola.

Mzee wetu mmoja, ambaye siku hizo alikuwa tanboi wa miaka kumi na minane, alituambia kwamba hakuna dereva aliyekuwa amezoea kubeba mapipa mengi kiasi kile kwenye njia mbovu kiasi kile. Walifundishana. Aliyefika Iringa salama alimweleza anayeondoka Morogoro jinsi alivyopanga mapipa yake. Msafara ulipolala, walikaa pamoja na kutazama magari ya wenzao kwa taa ya kandili.

Tena kila gari lilikuwa na tanboi. Kijana alikaa kiti cha pembeni miaka mitatu, minne, akifunga turubai, akiweka kabari, akipokea matusi na ugali, mpaka siku dereva anapomwambia, "Shika usukani mpaka Doma." Hakukuwa na cheti, lakini alipokabidhiwa gari alikuwa ameshaona kila aina ya mzigo.

Siku hizi katika makampuni mengi kiti kile kiko kitupu. Na hapa ndugu zetu tunakiri kwa mara ya pili. Sisi wahasibu ndio tuliokifuta. Tulipoambiwa tupunguze gharama za safari, tuliona mstari ulioandikwa posho ya tanboi, tukauliza anafanya nini, tukajibiwa anafunga turubai. Tukakata mstari. Mwisho wa mwaka ikaonekana faida. Hasara ilikuja baadaye, ikiwa imegawanyika: mzigo ulioharibika huku, faini ya mizani kule, matairi, siku za gari kukaa gereji. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba zote zimetokana na kiti kitupu.

Wazoefu bado wanasaidia, tusiwavunjie heshima. Ukipita maegesho ya Mikumi au Ruaha Mbuyuni jioni, utawaona wanazunguka tela la kijana wasiyemjua, wanapiga matairi kwa nyundo, wanavuta minyororo. Barabarani anayetangulia anamwashia taa ya kulia anayefuata kumwambia usinipite, mbele hapafai. Kijana wetu mwingine, kati ya wale 9, alipopewa tanki kwa mara ya kwanza alimpigia simu mzee wa kwao Changarawe. Mzee alipanda basi kwa nauli yake, akamkuta Mikese, akakaa naye kwenye kibanda cha chai saa mbili nzima, akamweleza kona moja moja mpaka Makambako. Kijana yule anaendesha tanki mpaka leo. Mzee hakudai hata nauli. Lakini je, tuendelee kutegemea nauli ya mstaafu?

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu mambo matatu. Mchanganuo wa fedha uko kwenye kurasa za mwisho za kijitabu hiki, na nakala ziko mezani kwa mweka hazina.

La kwanza ni kiti cha pembeni. Kijana wetu anapopewa aina ya mzigo ambayo hajawahi kuibeba, mfuko utamlipia mzoefu posho, chakula na nauli ya kurudi, ili asafiri naye safari ile ya kwanza. Hatutampandisha mtu kwenye gari bila ridhaa ya mwajiri kwa maandishi na bila kuhakikisha bima inamhusu. Waajiri wawili wamekwisha kubali. Wengine tunaendelea kuwabembeleza, na kama wewe uliyepo hapa una malori, tunaomba tuonane kabla hujatoka.

La pili ni siku ya mafunzo nyumbani, mara moja kila miezi mitatu. Tumepata tela kuukuu. Tunahitaji minyororo, mikanda, kabari za mti mgumu, magogo ya kuigiza koili, na chakula cha mchana. Wazee watafundisha kwa mikono: kufunga, kufungua, kupanga uzito, kupima kimo. Vijana wa Fuso za Mgeta nao waje, maana kabichi zikipangwa vibaya zinapindua gari vile vile.

La tatu ni ada. Wazee wenyewe walisema kwamba uzoefu hautoshi kwa kemikali. Yapo mafunzo ya madereva wa mizigo ya hatari, ya Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na ya Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kijana atakayebeba kemikali lazima apite huko kwanza, halafu ndipo mzoefu akae naye.

Kuna waliotuuliza kwenye vikao: je, wazee hawatawafundisha vijana na mabaya? Swali ni la haki. Wapo wazoefu wanaoteremka na gia huru ili wabakize dizeli, na wapo waliozoea kuyapunguza mafuta njiani. Tumewaachia madereva wastaafu wenyewe wachague nani akae kiti cha pembeni, kwa sababu wanajuana kuliko sisi tunavyowajua. Walianza na majina 14, wakabaki na 6. Hatukuuliza waliotolewa walifanya nini. Na vijana nao wana cha kurudisha: wanasoma vibandiko vya hatari vilivyoandikwa kwa lugha za kigeni, wanatumia ramani za simu. Mzee mmoja alikiri kwamba amebeba vibandiko vile miaka ishirini bila kujua maana yake.

Mwaka kesho tukisimama hapa, hatutawasomea idadi ya leseni. Tutawasomea safari za kwanza: kijana gani, mzigo gani, alikaa na nani, alifikaje. Kama kuna iliyoharibika tutaisoma pia, na tutaeleza kwa nini.

Kijana wetu tuliyeanza naye yumo ukumbini. Amekubali kuwa mtunza kumbukumbu wa mafunzo ya nyumbani. Ndiye aliyetuandikia orodha ya maswali ya koili, yale ambayo hakuulizwa. Siku ya kwanza ya mafunzo atakaa mbele, na kila kijana atayajibu mbele yake kabla hajagusa mnyororo.

Ndugu zetu, bahasha sasa zinapita. Mwenye elfu kumi asione haya, ni chai na chakula cha mzee mmoja njiani. Mwenye zaidi anajijua. Mwenye ahadi aandike jina na tarehe, na sisi tutamkumbusha kwa upole, kama mnavyotujua.

Mungu aibariki Mzumbe, awalinde walioko barabarani usiku huu. Mzumbe hoyee!